Nona isiyonona: kisa cha mzinga mmoja uliopewa kazi za mitatu

Kitenzi cha kunona tunakijua sote, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akiambiwa kuna gari la kivita liitwalo Nona atatarajia dume la ng'ombe la Idi. Kwa Warusi Nona ni jina la kike tu, ingawa wako waliokuja kulipachika maana ya kifupisho, "silaha mpya ya mizinga ya nchi kavu". Jina lake la kiofisi ni 2S9. Na gari lenyewe limekonda: tani 8 hivi, bati lake la alumini, minyororo badala ya magurudumu ya kawaida, na juu yake mtutu mfupi wa milimita 120 ambao ni mota (silaha ya kurusha mabomu juu sana yakadondoke) na ni mzinga kwa wakati mmoja.

Kisa hiki nakitumia kufundishia usanifu, na si kwa sababu napenda silaha. Ni mfano mzuri wa watu waliokwama miaka kadhaa kwa kuuliza swali lisilofaa, wakafumbuliwa na kifaa cha mgeni, halafu wakalipa bei kubwa kwa sifa moja ambayo hawakuitumia sana. Majina ya wahandisi, ya makamanda na ya vikosi nimeyaondoa. Nimebakiza moja ambalo halifichiki.

Hali ilivyokuwa

Askari wa miavuli anashuka na bunduki yake popote. Shida ni mzinga. Katika miaka ya 1960 majeshi ya miavuli ya Kisovieti yalikuwa na mkusanyiko wa silaha nzito ambazo hazikulingana hata moja na nyingine. Palikuwa na ASU-57 ya mwaka 1951, kigari kisicho na paa chenye mzinga wa milimita 57. Palikuwa na ASU-85, imara zaidi, lakini ya tani 15 na nusu, ambayo kwa muda mrefu ililazimu ndege itue ndipo ishuke. Palikuwa na mota za milimita 120. Na palikuwa na D-30, mzinga wa kukokotwa wa milimita 122, tani 3 na ushei, unaorusha kombora kilomita 15.3.

D-30 ni mzinga mzuri, na ubora wake ndio uliofanya watu wang'ang'anie kuubeba. Lakini ukiudondosha kwa mwavuli unadondosha pia lori la kuukokota, na makombora yake, na watu wake, kila kimoja mahali pake. Fikiria usiku, uwanja wa kilomita kadhaa, watu saba wanamtafuta dereva, dereva analitafuta lori, lori linautafuta mzinga. Vita havisubiri.

Mwaka 1969 likaja BMD-1, gari dogo la deraya la askari wa miavuli. Linakimbia kilomita 60 kwa saa barabarani, linaogelea mtoni, linadondoshwa kutoka angani. Kuanzia hapo mzinga wa kukokotwa ukawa kama mzee katika msafara wa vijana: magari ya askari yanafika mtoni na kuvuka, mzinga na lori lake wanabaki ng'ambo wakingoja daraja.

Jaribio la kwanza

Uamuzi wa serikali wa mwaka 1967 ulikuwa tayari umeanzisha familia nzima ya mizinga inayojiendesha, na Wasovieti waliipa majina ya mimea. Mmoja uliitwa Gvozdika, neno ambalo kwa Kirusi ni jina la ua fulani na pia ndilo jina la karafuu, kwa hiyo Mpemba naye yumo kidogo katika hadithi hii. Ule wa miavuli uliitwa Fialka. Wazo lake lilikuwa jepesi kulisema: chukua howitza, yaani mzinga wa kurusha kombora kwa upinde kama D-30, ya milimita 122, iweke juu ya chasi ya jamaa ya BMD.

Haikuwezekana, na sababu yake mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu anaweza kuikokotoa. Kombora la D-30 lina kilo 21.76 na linatoka mtutuni kwa mita 690 kwa sekunde. Zidisha, upate kama 15,000. Hilo ndilo teke ambalo mzinga unalirudisha nyuma kila unapofyatuliwa, ukiacha teke la gesi ya baruti yenyewe. D-30 ikiwa chini hutandaza miguu mitatu na kulimwaga teke hilo ardhini. Gari la tani chache, lililotengenezwa jepesi ili liweze kubebwa na mwavuli, halina pa kulimwaga isipokuwa katika shokomzoba zake na mifupa yake. Chasi ilizidiwa, na mradi ukasimamishwa.

Sambamba na huo palikuwa na mradi wa pili, Landysh, wa mota ya milimita 120 juu ya gari la deraya. Huu haukuwa na shida ya teke. Shida yake ni kwamba ungebaki mota tu, maana yake gari lingine la kufanya kazi za howitza lilikuwa bado linahitajika. Magari mawili, karakana mbili, vipuri viwili.

Swali linageuzwa

Wakiwa hapo, wataalamu wa Kisovieti wakapata nafasi ya kuijaribu mota ya Kifaransa ya milimita 120 yenye mifuo, yaani mifereji ya mzunguko iliyochongwa, ndani ya mtutu. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kisa chote kimejificha ndani ya pete moja ya chuma.

Kombora la mzinga wa kawaida lina pete ya metali laini, pana kidogo kuliko tundu la mtutu. Baruti ikilipuka, pete inasukumwa kwa nguvu mpaka mifuo ya mtutu inaichonga, na hivyo ndivyo kombora linavyopata kuzunguka. Kuchongwa huko kunadai shinikizo kubwa. Shinikizo kubwa linadai mtutu mnene, na linadai kombora lenye kuta nene ili lisipasuke likiwa bado ndani. Kuta zikiwa nene, nafasi ya vilipuzi inapungua. Mota ya kawaida inalikwepa hilo lote kwa kuwa na mtutu laini na bomu lenye mapezi mkiani, lakini bomu lake haliendi mbali wala halina ujazo wa kombora.

Wafaransa waliichonga pete kiwandani. Meno yake yanaingia katika mifuo ya mtutu kama parafujo inavyoingia katika nati. Hakuna cha kuchongwa tena, shinikizo linashuka, kuta za kombora zinakuwa nyembamba, tumbo linapanuka.

Tazama hesabu ya kombora ambalo Wasovieti walilitengeneza kwa njia hiyo, OF49. Lina kilo 19.8, na ndani yake kilo 4.9 za vilipuzi. Kombora la kawaida la D-30, zito zaidi kwa karibu kilo 2, lina kilo 3.67, na ni TNT, iliyo dhaifu kuliko mchanganyiko wa OF49. Yaani lile jepesi linabeba theluthi moja zaidi. Sasa teke: kilo 19.8 kwa mita 367 kwa sekunde ni kama 7,300. Nusu ya D-30, au chini kidogo.

Kabla ya hapo swali lilikuwa: tuubebeje mzinga mkubwa juu ya gari dogo? Baada ya hapo likawa: kinachohitajika kule kunakotua kombora ni nini, na tunaweza kukifikisha kwa teke dogo kiasi gani? Fialka na Landysh zikawekwa pembeni, mradi mmoja ukazaliwa.

Mzinga wenyewe na maamuzi yaliyouzunguka

Kazi iligawanywa: taasisi moja ya utafiti iliyoko Klimovsk karibu na Moscow ndiyo iliyokuwa na wazo, kiwanda cha mizinga cha Perm kikatengeneza mtutu na gari, na chasi ikatokana na BTR-D, ndugu mrefu wa BMD-1 mwenye magurudumu sita ya mnyororo kila upande badala ya matano.

Waliamua mtutu ulishwe kwa nyuma, kwenye tako lake, na si mdomoni kama mota nyingi. Sababu ni watu: mpakiaji anakaa chini ya paa la deraya, hachomozi kichwa. Waliamua mtutu uweze kushuka nyuzi 4 chini ya mlalo na kupanda mpaka nyuzi 80, ili gari lilelile lilenge moja kwa moja kama mzinga wa kupambana na vifaru, au lirushe juu sana kombora likadondokee nyuma ya kilima. Wakakubali kichwa chake kigeuke nyuzi 35 tu kila upande. Adui akitokea ubavuni, gari lote linageuka.

Uamuzi ninaoupenda kuliko yote ni wa milimita 120. Kwa kuchagua kipimo hicho badala ya 122, mtutu uleule wenye mifuo uliweza pia kufyatua mabomu ya kawaida ya mota, yale yenye mapezi, ambayo yalikuwa yamejaa katika maghala. Bomu linapita juu ya mifuo bila kuzunguka, linakwenda kilomita 7 hivi. Kombora lenye meno linakwenda 8.8, na lenye roketi ya kulisukuma njiani linakaribia 13.

Watu wanne ndani, makombora 25, injini ya dizeli ya nguvu farasi 240, kuelea majini. Vilevile springi zinazotumia gesi na mafuta, ambazo dereva anaweza kuzishusha mpaka tumbo la gari likaribie kugusa ardhi. Kama ngamia anavyopiga magoti, na kwa sababu ileile: ili afungwe mizigo yake.

Kulidondosha

Mizigo ni mwavuli. Hapa ndipo linapoingia lile jina nililosema halifichiki, Vasily Margelov, aliyeyaongoza majeshi ya miavuli kwa zaidi ya miaka 20, mpaka mwaka 1979. Alikerwa na ule muda wa askari kulitafuta gari lao uwanjani, na jawabu lake lilikuwa la kutisha: watu washuke wakiwa ndani ya gari.

Tarehe 5 Januari 1973, karibu na Tula, BMD-1 ilidondoshwa kutoka ndege ya An-12 ikiwa na watu wawili ndani, imefungwa juu ya jukwaa lenye miavuli. Mmoja wa hao wawili alikuwa mtoto wa kuzaa wa Margelov. Miaka mitatu baadaye, tarehe 23 Januari 1976, karibu na Pskov, mtoto yuleyule aliingia tena na mwenzake mmoja, safari hii katika mfumo wa roketi: mwavuli mkuu mmoja badala ya kundi la miavuli, kasi kubwa ya kushuka, na vijiti virefu vinavyoning'inia chini ya gari. Kijiti kikigusa ardhi roketi zinawaka na kulipunguza gari mwendo katika dakika ya mwisho, au tuseme katika nukta ya mwisho. Wote wawili walitoka wazima.

Majaribio hayo hayakuwa ya Nona, yalikuwa ya BMD. Lakini ndiyo yaliyoweka sharti ambalo Nona ililirithi, na ikatengenezewa mfumo wake wa roketi, PRSM-925. Kila kilo katika gari ilipimwa mbele ya mwavuli huo. Bati jembamba ni uamuzi wa mwavuli. Makombora 25 ni uamuzi wa mwavuli.

Mwaka 1981 gari likaingia rasmi kazini.

Milimani

Majeshi ya miavuli yalikuwa yameshaingia Afghanistan tangu Desemba 1979. Waliingiaje? Kwa ndege kutua. Kabul na Bagram, kwenye viwanja vyenye lami, magari yakateremka kwa ngazi ya nyuma kama yanavyoteremka kwenye kivuko.

Nona za kwanza zilifika mapema miaka ya 1980, na kwa upande mmoja zilipokewa kama mvua. Mzinga wa BMD-1 ulikuwa hauinuki zaidi ya nyuzi 33. Katika bonde kama Panjshir, ambako adui yuko juu ya jabali au nyuma yake, gari la aina hiyo linatazama tu. D-30 ingeweza kuinuka mpaka 70, lakini kuikokota kwenye njia za mbuzi ni shughuli. Nona iliendelea na msafara, ikasimama, ikainua mtutu, ikafyatua, bila kutandaza miguu wala kuchimba.

Upande wa pili ulikuwa mchungu. Bunduki nzito za rashasha za milimita 12.7 zilikuwa tishio kwa magari ya jamii hii, na mabomu ya kutegwa ardhini yalikuwa tishio kubwa zaidi, kwani sakafu nyembamba ya alumini haimlindi mtu aliyekaa juu yake. Vikosi vingi vya miavuli viliachana na BMD huko Afghanistan vikachukua magari mazito ya jeshi la kawaida. Mzinga haukuwa na mbadala wa namna hiyo, ukabaki.

Halafu makombora. Gari linaweza kufyatua 6 mpaka 8 kwa dakika. Gawanya 25. Ndani ya dakika tatu au nne ghala la ndani ni tupu, na lori la kuleta mengine ndilo lile lisilo na deraya linalopita kwenye njia iliyotegwa.

Likatokea toleo lililofanyiwa marekebisho, 2S9-1, lililoondolewa vifungo vya kudondoshea. Linabeba makombora 40.

Matokeo

Kiwanda cha Perm kilitengeneza zaidi ya 1,400 mpaka mwaka 1989. Mwaka 1986 ukaja mtutu wa aina hiyo katika umbo la kukokotwa, Nona-K, na mwaka 1990 ukawekwa juu ya gari la magurudumu manane, Nona-SVK. China nayo ikawa na gari lake la mota-mzinga la milimita 120 lililotokana na ufundi huu. Urusi ilionyesha Vena, iliyokaa juu ya chasi ya BMP-3, gari la kivita la askari wa miguu, kisha Lotos kwa ajili ya askari wa miavuli. Vena ina tani 19 hivi na Lotos 18. Hizo ndizo zilizonona.

ASU za zamani zilistaafishwa. Katika vita vya Ukraine Nona imeonekana pande zote mbili, ikifanya kazi karibu mno na mstari wa mbele, kwa sababu mtutu wake haufiki mbali.

Uchambuzi

Wanafunzi wangu hupenda kusema kwamba kisa hiki kinamsuta aliyesema mshika mbili moja humponyoka, maana Nona ilishika mbili, mota na mzinga, na hakuna iliyoponyoka. Ni kweli nusu. Kuunganisha mota na howitza kulifanikiwa kwa kuwa vyote viwili viligeuka kuwa kitu kimoja: mtutu mfupi wa shinikizo la chini. Hakikuwa kifaa kilichobandikwa sehemu mbili. Mhandisi hakusema "weka na hiki", alitafuta mahali ambapo mahitaji mawili yanakutana, na pete yenye meno ndiyo ilikuwa mahali hapo. Sifa kubwa naiweka pia kwa waliokubali kuiangalia kazi ya Wafaransa bila kununa. Si taasisi zote za wakati ule, wala za wakati huu, zinazoweza kukiri kwamba jirani amewazidi akili.

Kazi ya tatu ndiyo iliyowaangusha: kupambana na vifaru. Kombora la kutoboa deraya lipo na linatoboa, lakini linatoka polepole, linaruka kwa upinde, na mpigaji anatakiwa aikaribie shabaha yake akiwa ndani ya boksi ambalo rashasha nzito inalitisha. Ukimpa askari uwezo huo kwenye karatasi, kamanda wake siku moja atauamini. Binafsi ningeliita kombora la kujiokoa na kuacha hapo.

Kosa ninalolitazama kwa muda mrefu zaidi darasani ni la mwavuli. Sharti la kudondoshwa halikuwa upuuzi. Bila hilo gari lisingezaliwa, na mipango ya vita vya Ulaya ililihitaji. Lakini hakuna aliyerudi kuliuliza tena baada ya kuona vita vinavyopiganwa hasa. Kwa miaka karibu 10 Afghanistan, magari yalitua kwa magurudumu ya ndege, huku kila gari likiwa limelipa kwa unene wa sakafu na kwa makombora 15. Najua ni 15 kwa sababu toleo lililovuliwa vifungo lilipata nafasi ya 40. Ni nadra sana katika usanifu kupata bei ya sharti ikiwa imeandikwa wazi namna hiyo, kwa idadi unayoweza kuihesabu kwa vidole vya mikono na mguu mmoja.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini basi hawakutengeneza matoleo mawili tangu mwanzo, la kudondoshwa na la kutua. Nilimjibu kwamba jeshi linaloamini kila gari lake linashuka kutoka angani halina mtu wa kulipa toleo la pili. Hakuridhika, na nadhani alikuwa na haki.

Lililobaki ni umbali. Walipokubali teke la nusu walikubali pia kilomita 8.8 badala ya 15.3, na katika hesabu za miaka ya 1970 ilionekana inatosha, kwa kuwa askari wa miavuli angepigana karibu na mahali alipotua. Hesabu hiyo iliacha nje swali la nani atamjibu adui mwenye mizinga inayofika kilomita 20. Ndiyo maana ahadi ya mmoja badala ya wote haikutimia. D-30, ule mzinga ulioachwa ng'ambo ukingoja daraja, bado umo katika vikosi vya miavuli vya Urusi.